Rafiki au Adui: Chimbuko la Uraibu wa Kutambua Ndege

Uraibu wa kutambua ndege, yaani desturi ya mtu kusimama mahali penye anga wazi, kuitazama ndege inayopita na kuitaja kwa aina yake bila kutumwa wala kulipwa, leo huhesabiwa miongoni mwa burudani za amani kabisa. Hata hivyo, huko Uingereza ulikolelewa, ulikuzwa na hofu ya vita, na swali lililoutangulia halikuwa kwamba ndege ile ni ya aina gani, bali kwamba ni ya rafiki au ya adui.

Uzito wa swali hilo ulidhihirika mapema. Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu tu baada ya Uingereza kutangaza vita dhidi ya Ujerumani, tahadhari ya uongo ilizipandisha angani ndege nyingi za kivita mashariki ya London, na katika mtafaruku uliofuata ndege za aina ya Spitfire zilizitungua ndege mbili za aina ya Hurricane za jeshi hilohilo la Uingereza, rubani mmojawapo, Montague Hulton-Harrop, akapoteza maisha. Hakuna adui aliyekuwapo.

Tangu mwaka 1925 nchi hiyo ilikuwa na kikosi cha raia wa kujitolea kilichoitwa Observer Corps, ambacho wanachama wake walikesha vituoni wakiwa na darubini, ramani na simu. Mitambo ya rada ya wakati huo ilielekezwa baharini, kwa hiyo ndege ilipokwisha kuvuka pwani ilifuatwa kwa macho na masikio ya watu hao, waliopokezana habari zake kituo kwa kituo. Kazi yao ya awali ilikuwa kukadiria idadi, kimo na mwelekeo wa ndege, na elimu ya kuzitofautisha waliitafuta kwa sehemu kubwa wao wenyewe, wakaanzisha klabu za kufundishana na kupimana. Mfalme George VI alikipa kikosi hicho hadhi ya kifalme mwaka 1941.

Nyenzo kuu ya masomo yao ilikuwa picha ya kivuli, yaani mchoro mweusi usio na rangi wala maandishi, unaoionyesha ndege kutoka mbele, ubavuni na chini. Mwanafunzi alifundishwa kutazama mabawa kwanza, kisha injini, kisha kiwiliwili, na mwisho mkia: mabawa ya Spitfire yalichongoka kwa mviringo kama jani, ilhali Junkers 87 ya Wajerumani ilijulikana kwa mabawa yaliyovunjika kama kiwiko na magurudumu yasiyokunjwa. Ugumu ulikuwa kwa ndege zilizofanana. Blenheim ya Waingereza, kwa mfano, ilidhaniwa mara kwa mara kuwa Junkers 88, na wapo marubani walioponzwa na mfanano huo. Hata hivyo, mjuzi halisi hakuhesabu viungo. Kiswahili, ambacho kwa neno moja la ndege hutaja kiumbe na chombo, kinausaidia ufahamu hapa, kwa maana mtu aliyekulia pwani hamtambui mwewe kwa kuchunguza manyoya yake, bali kwa namna anavyoelea na kuupinda mkia wake wenye panda, na anamjua kabla hajajiuliza amemjuaje.

Mwaka 1940 elimu hiyo ilitoka vituoni ikaingia mitaani. Ving'ora vilikuwa vikisimamisha kazi viwandani kwa saa nyingi hata pale hatari ilipokuwa mbali, na ndipo walipowekwa walinzi juu ya mapaa, ili wafanyakazi waendelee na kazi mpaka mlinzi atakapoona ndege ya adui inakaribia kwelikweli. Mlinzi asiyeweza kutofautisha ndege alikuwa hasara kwa kiwanda, au msiba. Januari 1941 lilianza kuchapishwa jarida la The Aeroplane Spotter, lililosomwa na walinzi hao pamoja na vijana wengi wa shule, na vijana hao ndio waliougeuza wajibu kuwa mapenzi. Mwaka 1944, siku ya kuvuka kwenda Normandy, ndege za Washirika zilipakwa milia myeusi na myeupe, na mamia ya wanachama wa kikosi walipanda melini ili kuwazuia wapiga mizinga wasiwatungue wenzao.

Jarida hilo lilikoma mwaka 1948, na mwaka huohuo kikaundwa chama cha Air-Britain, kilichojishughulisha na historia ya ndege mojamoja. Mabadiliko haya yana maana kubwa kuliko yanavyoonekana. Adui alikuwa ameondoka angani, na jicho lililozoea umbo likahamia kwenye alama ya usajili, yaani herufi zinazoandikwa ubavuni na kuitaja nchi ya ndege, kama 5H kwa Tanzania au 5Y kwa Kenya, kisha ndege yenyewe. Asiyeujua uraibu huu huona ukusanyaji wa herufi kuwa kazi kavu, lakini herufi hizo hubeba maisha mazima. Ndege ya Comet yenye alama ya G-ALYP iliondoka London tarehe 2 Mei 1952 katika safari ya kwanza duniani ya abiria wenye tiketi kwa ndege ya jeti, ikapitia Entebbe ikielekea Johannesburg. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyohiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Aliyeziandika herufi zile daftarini alikuwa na ushahidi mkononi.

Daftari la namna hiyo, hata hivyo, halisomwi na wote kwa jicho moja. Novemba 2001 Waingereza 12 na Waholanzi wawili walikamatwa Ugiriki baada ya kuhudhuria maonyesho katika kambi ya jeshi la anga ya Kalamata, na kumbukumbu zao za namba za ndege zikachukuliwa kuwa dalili ya ujasusi. Aprili 2002 mahakama iliwatia hatiani, wanane wakahukumiwa kifungo cha miaka mitatu, na swali la rafiki au adui, ambalo safari hii liliwalenga watazamaji wenyewe, likabaki mikononi mwa mahakimu mpaka Novemba mwaka huo, mahakama ya rufaa ilipozifuta hukumu hizo.