Uwanja Uliochimbwa na Wenye Mji

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayekwenda Guangzhou kufunga mzigo huijua Xiaobei kabla hajaijua China. Hapo ndipo kwenye hoteli za bei ya kawaida, maajenti wa makontena, na migahawa ambamo meza hii inazungumza Kiswahili, ile Kilingala na ya tatu Kiarabu. Ijumaa wengi huenda kuswali kwenye msikiti ulio kando ya barabara ya Jiefang, penye kaburi ambalo Waislamu wa mji huo hulinasibisha na Sahaba Saad bin Abi Waqqas. Baina ya Xiaobei na msikiti huo kuna kilima chenye miti mingi, Yuexiu.

Wageni hupanda kilimani kupiga picha chini ya sanamu ya mbuzi watano, kisha hurudi madukani. Anayesogea hadi Mnara wa Zhenhai, jengo jekundu la ghorofa 5 lililojengwa mwaka 1380, na kuchungulia chini kati ya matawi, hukutana na kitu asichokitazamia kwenye bustani: uwanja wa mpira, umekaa bondeni kama maji ndani ya kata.

Huu ndio Yuexiushan, na umri wake unakaribiana na wa Jamhuri ya Watu wa China yenyewe. Jeshi la wakomunisti liliingia Guangzhou Oktoba 1949. Mji ulikuwa umechoshwa na vita, na hazina haikuwa na kitu cha kujivunia. Meya mpya alikuwa Ye Jianying, mwanajeshi mzaliwa wa mkoa huohuo wa Guangdong, ambaye baadaye alipewa cheo cha marshali. Chini yake wakazi waliitwa kujitolea, wakashuka kwenye bonde lile kuchimba, kusomba udongo na kusawazisha. Mwaka 1950 uwanja ukafunguliwa.

Watu wa Tanga wangeiita kazi hiyo msaragambo. Wakenya wangesema harambee. Sisi nasi tuna viwanja vilivyosimama kwa michango na nguvu za wananchi enzi za chama kimoja, na mabishano ya nani hasa mwenye navyo hayajaisha hadi leo. Huko Guangzhou sijui kama kuna aliyewahi kulidai bonde la Yuexiu, lakini mtu ambaye babu yake alibeba udongo wa uwanja hakai jukwaani kama mgeni.

Uzuri wa Yuexiushan hautokani na ustadi wa mhandisi. Unatokana na umaskini wa wakati ule. Ilikuwa ghali kuinua majukwaa ya zege kutoka ardhini, kwa hiyo mlima ukafanywa jukwaa: safu za viti zimefuata mteremko wenyewe, miti ikabaki nyuma ya watazamaji. Unaingia kwa juu na kushuka kwenda kwenye kiti chako, kinyume na Uwanja wa Mkapa ambako mtu wa mzunguko hupanda ngazi mpaka magoti yanalalamika. Sehemu kubwa haina paa, na mvua za radi za Guangzhou zinapoanza kiangazi hazimsubiri refa. Mabonde yana tabia zake, kama wanavyojua watu wa Yanga wenye kiwanja chao cha Kaunda pale Jangwani, ambako maji yakija huja na mali ya watu.

Nafasi yake ni ya watu 18,000 hivi, na udogo huo ndio unaomfanya kocha wa timu ngeni asikie kila anachoambiwa. Anaambiwa kwa Kikantoni. Redio na televisheni za taifa zinazungumza Kimandarini, shule pia, lakini jukwaani mtu hutukana kwa lugha ya mama yake. Mechi za Kombe la Guangdong na Hong Kong, lililoanza msimu wa 1978/79 wakati mpaka wa pande hizo mbili ulikuwa bado mgumu kuvuka, zilikuwa na utamu huohuo: watani wanaoelewana kila neno. Timu ya mji ilipoungana na kampuni ya Apollo mwaka 1993 na kuanza zama za mpira wa kulipwa, hapa ndipo palipokuwa nyumbani kwake, na mwaka 1994 ikamaliza ya pili katika ligi mpya ya taifa.

Mji nao ulikuwa unahamia mashariki. Mwaka 1987 Uwanja wa Tianhe ulifunguliwa kwa ajili ya Michezo ya Taifa, mahali palipokuwa kiwanja cha zamani cha ndege. Ni mwaka uleule ambao Kenya ilikuwa inautumia uwanja mpya wa Kasarani, uliojengwa kwa msaada wa China, kwenye Michezo ya Afrika. Zanzibar ilikuwa imepata Amaan kwa msaada huohuo tangu 1970. Hata mafundi wa reli ya TAZARA wengi walipanda meli bandarini Guangzhou kuja Dar es Salaam. Tianhe ilikuwa kubwa, ya mviringo, yenye njia ya mbio za riadha kati ya shabiki na mchezaji. Tarehe 30 Novemba 1991 ilifanyika pale fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia la wanawake, Marekani ikaifunga Norway 2 kwa 1, mabao yote mawili ya washindi yakiwa ya Michelle Akers. Mechi zilichezwa dakika 80, maana wakubwa wa FIFA walikuwa na wasiwasi na pumzi za wanawake!

Kisha zikaja fedha za majumba. Mwaka 2010 kampuni ya Evergrande iliinunua timu ya mji, ikamleta kocha Marcello Lippi, ikachukua ubingwa wa klabu bingwa Asia mwaka 2013 na tena 2015, yote Tianhe ikiwa imefurika. Kampuni nyingine ya majumba, R&F, ilihamishia timu yake Guangzhou mwaka 2011 na kutua Yuexiushan. Mnigeria Yakubu Aiyegbeni alifunga mabao katika bonde lile. Baadaye Mwisraeli Eran Zahavi alifunga 29 katika msimu mmoja wa ligi, 2019. Mechi ya watani ikawa mgongano wa pande mbili za mji: mtaa wa kale wenye miti dhidi ya mtaa mpya wa vioo.

Aprili 2020 Evergrande ilianza kujenga uwanja wenye umbo la ua la yungiyungi, wa watu 100,000. Biashara ya majumba ikaporomoka, kazi ikasimama, na mwaka 2022 ardhi ikarudishwa serikalini. Timu ya R&F, iliyokuwa imebadilishwa jina, ikavunjwa mwaka 2023. Ile ya Evergrande, yenye makombe mawili ya Asia, ikakosa leseni Januari 2025 na kufa kwa madeni. Miaka 15 tu tangu inunuliwe.

Yuexiushan haikuwa na deni la mtu. Atakayekwenda kwenye maonyesho ya Canton Aprili au Oktoba, akipata saa moja kati ya ajenti na kontena, ashuke kituo cha Yuexiu Park, njia namba 2 ya metro, apande hadi Mnara wa Zhenhai. Hana haja ya kuuliza uwanja uko wapi. Atazame chini.