Miaka 60 ya Mulago, ikitazamwa kutoka Malaba

Mwaka 2027 Taasisi ya Saratani ya Uganda itatimiza miaka 60. Iko juu ya kilima cha Mulago jijini Kampala, kama kilomita 200 kutoka mji wa mpakani wa Busia, na huenda msomaji akauliza historia yake inatuhusu nini sisi wa upande wa Kenya. Inatuhusu sana. Wasamia na Wateso walikuwa wakioana na kuzikana kabla mpaka haujachorwa, na hadi leo mama wa Malaba, mji mwingine wa mpakani, ambaye mtoto wake amevimba taya huwa na barabara mbili mbele yake. Ya magharibi inakwenda Mulago, ya mashariki inapanda Eldoret. Mara nyingi kinachoamua ni mahali alipo shangazi wa kumpa kitanda.

Yote yalianza na taya. Mwaka 1957 Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni, aliitwa wodini Mulago na mwenzake Hugh Trowell amwangalie mvulana aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kushoto na kulia. Hakuutambua ugonjwa ule. Wiki chache baadaye alikuwa hospitali ya Jinja, akatupa jicho dirishani, akamwona mtoto mwingine ameketi nyasini na mama yake, uso wake ukiwa umevimba vilevile. Alitoka kwenda kumpima, akagundua kwamba tumboni nako kulikuwa na uvimbe. Mtoto mmoja anaweza kuwa ajabu ya Mungu, lakini wawili wanamtaka daktari afungue mafaili. Burkitt aliyafungua ya Mulago, na mwaka 1958 akachapisha makala kuhusu saratani ya taya kwa watoto wa Afrika. Ugonjwa huo sasa unaitwa kwa jina lake.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni safari ya 1961. Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari aina ya Ford lililokwisha kutumika, wakaendesha kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, kama kilomita 16,000 kwa wiki kumi, wakipita hospitali baada ya hospitali na picha za watoto mkononi: mmewahi kuona kitu kama hiki? Majibu yao yakawa ramani. Ugonjwa ulipatikana palipo na joto na mvua, na katika Afrika Mashariki ulikuwa nadra kwenye nyanda zinazozidi mita 1,500 hivi. Ni ramani ya malaria, kwa kifupi. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake huko London wakaona kirusi ndani ya chembe za uvimbe zilizotumwa kutoka Kampala.

Busia iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ndani kabisa ya ramani ile. Eldoret iko kwenye mita 2,100. Kwa hiyo mtoto wa Busia anayepelekwa Eldoret anapanda hadi mahali ambapo ugonjwa wake ni mgeni. Hilo halipunguzi ustadi wa madaktari wa kule, ila linaeleza kwa nini safari ni sehemu ya ugonjwa wenyewe: wagonjwa wako bondeni na wodi iko mlimani.

Taasisi ilizaliwa mwaka 1967 kama kituo cha kutibu limfoma, aina ya saratani ambayo ugonjwa wa Burkitt ni mojawapo, kwa ubia wa Chuo cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, chini ya John Ziegler. Ilikwisha kujulikana kwamba saratani ya Burkitt huyeyuka kwa dawa kwa namna ya kushangaza. Kuna watoto waliopona kwa dozi chache tu. Lakini kupona huthibitika kwa kumfuatilia mtoto miaka na miaka, kwa hiyo wahudumu wa kituo walipanda magari wakawatafuta wagonjwa wao vijijini. Mwaka 1972, wakati Idi Amin anawafukuza Waasia na Wamarekani wanafungasha, Charles Olweny akakabidhiwa uongozi, Mganda wa kwanza kuushika. Kwamba milango haikufungwa miaka ile kunanishangaza kuliko makala zote za kisayansi.

Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda iliharibika, na Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo. Safari hii wagonjwa ndio waliotazamiwa kuja mashariki.

Eldoret nayo ina historia yake ya michango. Hospitali ya watoto ya Shoe4Africa ilifunguliwa mwaka 2015 baada ya Toby Tanser, mkimbiaji na mwandishi, kuzunguka miaka mingi akichangisha kwa wapenzi wa mbio. Pesa zilitoka miguuni. Marekani kuna waliochangisha kwa gofu: tangu 1970 mashindano ya Memphis yamefungamanishwa na hospitali ya watoto ya St. Jude, aliyoianzisha mchekeshaji Danny Thomas mwaka 1962. Ni katika mashindano hayo, mwaka 1977, Al Geiberger alimaliza raundi kwa mikwaju 59, jambo ambalo hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa amelifanya katika ziara ya PGA. Wapenzi wa gofu hukumbuka 59. Mimi ninachokikumbuka ni kwamba pale St. Jude familia hailetewi bili ya matibabu, wala ya nauli, wala ya malazi, wala ya chakula.

Hapo ndipo penye tofauti. Watafiti waliowafuatilia watoto wenye saratani waliopokelewa Eldoret kati ya 2007 na 2009 walikuta zaidi ya nusu walikatiza matibabu, na wenye bima walifanya vizuri kuliko wasio nayo. Dawa ilikuwepo. Lakini kurudi tena na tena ni nauli, ni siku za kibarua zilizopotea, ni wadogo walioachwa kwa jirani. Harambee ya ukoo hulipa bili ya kwanza, na ya pili kwa shida. Ya tatu, kikundi cha WhatsApp kimeshanyamaza.

Gofu kwetu si ngeni. Jinja, mji uleule wa mtoto wa nyasini, klabu yake ilisifika kwa kanuni yake: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, unauokota bila adhabu. Tororo pia kuna kiwanja, mwendo mfupi kutoka Malaba kwa gari. Siku za gofu za hisani kwa kawaida huishia na hundi kubwa ya kadibodi na mashine yenye kibao cha jina la benki. Nauli haina mahali pa kubandika kibao. Anayeandaa siku kama hiyo kwa ajili ya maadhimisho ya 2027 angeanza na wenye matatu wa Busia na Malaba: tiketi ngapi, kwa bei gani, na ofisi ipi ya hospitali itakayozitia muhuri.