Mali Bila Daftari: Mapatano ya Kabla ya Ndoa

Wapo wanaodhani kwamba kupatana juu ya mali kabla ya kufunga ndoa ni mambo ya matajiri wa Ulaya na Marekani. Historia yetu haikubaliani nao.

Usukumani ndoa ya heshima ilianza kwa hesabu. Wazee wa pande mbili walikaa wakajadili ng'ombe wa mahari mbele ya mashahidi. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika, alizikusanya kanuni hizo katika kitabu cha mwaka 1953. Mahari iliamua watoto ni wa ukoo gani, na ndoa ikivunjika, ng'ombe warudi au wasirudi. Hayo yalikuwa mapatano. Ila waliopatana ni wazee.

Sheria ya Ndoa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 1971, ilibadili jambo hilo. Kifungu cha 58 kinasema ndoa haibadili umiliki wa mali ya mume wala ya mke, isipokuwa wenyewe wamekubaliana vinginevyo. Wenyewe, siyo wazee wao. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyopatikana katika ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa yake, mpaka ithibitishwe vingine. Na kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja.

Nguvu za pamoja ni zipi? Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Wanawake wengi wamefaidika na hukumu hiyo. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwani mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe kwa mradi wa familia zilipotea mikononi mwake.

Sasa tuitazame sheria hiyo tukiwa Rwamgasa, katika machimbo ya dhahabu ya Geita. Hapa mali haitulii. Leo mtu ana hisa katika duara, kesho ana karasha, keshokutwa ana madeni. Leseni ina jina la mume. Mama aliyepika na kuuza chakula, akatoa fedha ya mafuta ya pampu, hana hata kipande cha karatasi. Na wanaoishi pamoja bila ndoa wasijidanganye: kwa kifungu cha 160, waliokaa miaka 2 au zaidi na kutambulika kama mume na mke hudhaniwa kuwa wameoana. Siku ya kuachana, mama huyo atathibitisha nini?

Kwa hiyo iandikwe mapema. Kama mkataba wowote, wote wawili wawe na umri wa miaka 18 na akili timamu, wakubali kwa hiari, bila vitisho wala hila. Kila mmoja ataje mali na madeni yake kwa ukweli. Waandike nani anatoa nini, na kitakachochumwa kitakuwa cha nani. Watie sahihi mbele ya mashahidi, na ikiwezekana kila mmoja awe na mwanasheria wake. Wasithubutu kuandika kwamba watoto watanyimwa matunzo. Majirani zetu wa Kenya, katika sheria yao ya mwaka 2013, wameruhusu waziwazi mapatano ya namna hii, na mahakama yao inaweza kuyafuta yakiwa na ulaghai, shuruti au dhuluma ya dhahiri.

Watu watasema kuandika ni kujitabiria talaka. Mbona wenye duara huandikiana hisa na bado hushuka shimoni pamoja? Mke naye ameweka nguvu zake humo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.