Hila za Soko la Farasi la Smithfield

Smithfield, uwanja uliokuwa nje ya kuta za London, ulikwisha kuwa na soko la farasi katika karne ya 12, mwandishi William FitzStephen alipoeleza jinsi wanyama hao walivyoonyeshwa huko siku za Ijumaa, na udanganyifu ulistawi humo kwa karne nyingi.

Hila kuu ilihusu meno. Farasi kijana ana vishimo vyeusi kwenye meno ya mbele, ambavyo hulika na kufutika katika taya la chini afikapo takriban miaka 8, hivyo mchuuzi mdanganyifu aliyachoma meno ya farasi mzee kwa chuma cha moto ili kuyarudishia alama ya ujana. Kamusi ya Francis Grose ya mwaka 1785, iliyokusanya misemo ya mitaani, inaitaja hila hiyo pamoja na ile ya kumtia farasi tangawizi katika njia ya haja kubwa ili ainue mkia na kuonekana mchangamfu, jambo ambalo ni ukatili mtupu, kwani wepesi uliomvutia mnunuzi ulikuwa maumivu ya mnyama.

Sheria ya mwaka 1589 ilitaka muuzaji awe anajulikana kwa mtoza ushuru wa soko, au alete shahidi mwaminifu, na mauzo yaandikwe daftarini. Lakini ilikusudiwa kuzuia wizi, wala haikumkinga mnunuzi dhidi ya farasi mgonjwa aliyepambwa. Soko la wanyama hai la Smithfield lilihamishiwa Islington mwaka 1855.