Njia ya kando ya maji: nani aliiacha wazi?

Leo tuongee historia ya kitu kidogo: ile njia ya miguu inayofuata ukingo wa bahari, wa mto ao wa ziwa. Tunaona picha za wazee wa Ulaya wanatembea polepole kando ya maji, fimbo mkononi, mwingine anasukuma mtoto mu kigari, na tunafikiri ni utajiri tu. Hapana. Ile njia iliachwa wazi na sheria, na hao walioandika sheria hawakuwa wanawaza matembezi hata kidogo.

Mu Bretagne, magharibi ya Ufaransa, kuna njia ambayo mpaka leo wanaiita njia ya maaskari wa duane. Inaanzia Mont-Saint-Michel, inazunguka pwani yote, inafika Saint-Nazaire: kilometa karibu 2000. Mwanzo wake ni mwaka 1791. Mapinduzi yalikuwa yameondoa wale matajiri waliokusanya kodi kwa niaba ya mfalme, na leta mpya ikaunda duane yake yenyewe. Shida ya duane ilikuwa magendo. Pwani ya Bretagne imekatwakatwa, ina vikono vya bahari na miamba kila mahali, na usiku chombo chenye tumbako ao vitambaa vya Uingereza kingeweza kuingia popote. Kisha Napoléon, tarehe 21 Novemba 1806, akakataza biashara yote na Uingereza. Unajua vile inakuwa: ukifunga mpaka, bei inapanda, na mwenye kupitisha mali usiku anafurahi.

Askari wa duane alifanya nini? Alitembea. Mchana na usiku, kutoka posti moja mpaka ingine, kwa miguu. Juu alipaswa kuona kila kikono cha bahari, njia haikuweza kukata kona. Ilifuata ukingo wenyewe, kila mzunguko. Mvua na upepo vikizidi, alijificha mu kibanda cha mawe, na vingine vya vile vibanda vingali vimesimama. Mtembezi wa leo anaipenda ile njia juu haiachani na maji hata kidogo. Kwa askari, hayo njo yalikuwa mateso yenyewe.

Ku mito ilikuwa kazi ya farasi. Mwaka 1669, mfalme Louis wa 14 alitoa amri kubwa juu ya maji na misitu. Mwenye shamba kando ya mto unaopitisha mashua alipaswa kuacha futi 24 upande ambapo farasi wanavuta mashua kwa kamba, na futi 10 upande wa pili. Ni futi za zamani; ukizigeuza mu metre unapata 7,80 na 3,25. Sasa fungua sheria ya Ufaransa ya leo juu ya mito na maziwa ya leta: ukanda wa kupita kwa miguu ni metre 3,25. Nilipoiona hiyo tarakimu nilicheka peke yangu, juu hakuna mtu wa leo angechagua 3,25. Ni mguu wa Louis wa 14 ungali unapima ukingo. Na mwaka 1681 amri ingine ya mfalme huyo huyo ikasema kwamba ukingo wa bahari ni sehemu yote inayofunikwa na kufunuliwa na maji, mpaka pale maji makubwa ya mwezi wa tatu yanafika, na mtu asijenge pale.

Basi utaona: kodi, magendo, mashua. Leta ilijilindia kipande cha ukingo kwa kazi yake, na mtembezi akakirithi karne nyingi baadaye.

Lakini urithi ulikaribia kupotea. Mashua zilipata motere, farasi wakaachwa. Duane ikaacha kupiga doria kwa miguu, na mu karne ya 20 miiba ikafunika njia. Leta ikasahau. Wenye parseli hawakusahau. Nyumba za likizo zikajengwa ku pwani, kila moja na ukuta wake, na ule ukuta ukashuka mpaka ku mchanga. Kuanzia 1968, watu wa kujitolea walianza kukata miiba na kupaka alama nyeupe na nyekundu ku mawe na miti. Ni kazi nzuri, ila rangi haifungui geti.

Kilichofungua geti ni sheria ya tarehe 31 Desemba 1976. Inasema kila kiwanja cha mtu binafsi kinachogusa ukingo wa bahari kitabeba haki ya kupita ya metre 3, kwa wenye kutembea kwa miguu tu. Kiwanja kinabaki chako, hati inabaki na jina lako. Kitu kimoja tu umepoteza, uwezo wa kumzuia mpita njia. Walikubali pia kusawazisha mambo: nyumba iliyojengwa mbele ya 1 Januari 1976, njia isiipitie chini ya metre 15. Njo maana hata leo njia inakufikisha fasi fulani, inakutoa ku maji, inazungusha nyuma ya nyumba, kisha inarudi. Kila mzunguko wa vile ni alama ya mtu aliyewahi kujenga mbele ya sheria.

Ku maziwa ilichelewa zaidi. Ule ukanda wa metre 3,25 ulikuwa wa watu wa mashua na wavuvi. Mtembezi wa kawaida aliingizwa mu sheria tarehe 30 Desemba 2006 tu, na kando ya ziwa Annecy watembezi walihitaji kupigana miaka mingi, geti kwa geti.

Njia ikiwa wazi, bado haijawa ya kila mtu. Mwenye magoti mabovu, mama mwenye mimba, mtu wa kigari, wote wanauliza kitu kimoja: inapanda namna gani? Hapa zile kazi za zamani zilisaidia bila kujua. Farasi anayevuta mashua hapandi mlima. Mfereji wa Nantes mpaka Brest, uliomalizika 1842 na wenye urefu wa kilometa zaidi ya 360, unapanda na kushuka kwa milango ya maji inayoitwa ekluze, zaidi ya 230. Chombo kinainuliwa mu ekluze, na katikati ya ekluze mbili njia ya farasi inabaki sawasawa kama meza. (Kipande cha Glomel kilichimbwa na wafungwa, tusisahau, njia tamu nyingi zina jasho la mtu mwingine ndani.) Kando ya Annecy pia, njia laini ya baiskeli na vigari imewekwa mahali pa reli ya zamani, juu treni nayo haipendi mlima.

Sasa turudi kwetu. Historia yetu ya njia kando ya maji ilianza na mzigo kichwani: mbele ya reli ya Matadi–Léopoldville kumalizika 1898, wapagazi walibeba kila kitu kwa miguu kuzunguka maporomoko ya mto Congo. Reli ilipofika, hakuna aliyewaza kuiweka ile njia kwa matembezi. Tunaelewa.

Ila angalia Bukavu. Mji umeingia mu ziwa Kivu kama mkono wenye vidole, ukingo hauna mwisho, na hata hivyo mtu wa Kadutu anaweza kumaliza mwezi bila kugusa maji. Parseli zinashuka mpaka ndani ya ziwa, ukuta kwa ukuta. Mama anayetafuta maji, mvuvi anayetafuta fasi ya kufunga mtumbwi, mzee ambaye daktari amemwambia atembee kila asubuhi: wote wanabisha ku geti la mtu. Ngambo ya pili, Rwanda ina njia ya kilometa 227 kutoka Rubavu mpaka Rusizi, ku vilima vya ziwa hili hili.

Na sisi, ku sheria, tungekuwa na kazi nyepesi kuliko Wafaransa. Wao walilazimika kuingia mu mali ya mtu. Kwetu, sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya leta. Mtu anapewa konsesio tu. Anayetoa konsesio anaweza kuandika ndani yake: metre hizi hazifungwi.

Niongeze neno la agronome. Ule ukanda hauna faida ya miguu peke yake. Ukuta uliosimamishwa majini unapigwa na mawimbi, na udongo unaliwa pembeni yake, kwa jirani. Ukanda wa majani yenye mizizi mingi, Tripsacum ao Setaria tunazopanda ku mitaro ya kuzuia mmomonyoko, unashika ukingo na kuchuja matope yanayotoka ku vilima. Njia ipite nyuma ya yale majani, ifuate usawa wa kilima sawa vile tunafuata courbe de niveau mu shamba. Ikishuka wima, mvua mbili tu zinaigeuza mtaro, na mzee wetu hapiti tena.

Wa jeografia na wa sheria, mko wengi hapa. Napendekeza tuanze na kuhesabu: kutoka Muhumba mpaka Nguba, fasi ngapi mtu anafika ku maji bila kuomba ruhusa ya mtu? Kila fasi, pointi moja ya GPS na picha moja. Telefone inatosha. Mwenye kuwa tayari, aandike jina la kartie yake hapa chini.