Fahamu difu ya LSD: Je, kila gari ya spoti inapaswa kuja nayo?

Mvua imenyesha Mwanza. Unapandisha kilima cha Isamilo, lami inaisha, unaingia kwenye njia ya udongo na mawe. Ghafla tairi moja la nyuma linazunguka bure, jingine limetulia tuli. Injini ina nguvu kibao, lakini gari haipandi. Hapo mwenye kesi ni difu.

Difu inafanya kazi gani?

Gari ikikata kona, tairi la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani. Difu inayaruhusu yazunguke kwa spidi tofauti. Bila hiyo, tairi lingeburuzwa kila kona.

Shida ni kwamba difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa. Tairi linaloteleza halihitaji nguvu nyingi kuzunguka, kwa hiyo hata lile lililokamata ardhi linapata hicho hicho kidogo.

LSD inabadilisha nini?

LSD ni difu inayobana ili matairi mawili yasipishane sana mzunguko, na lile lililokamata lipate nguvu zaidi. Kuna za pleti, zinazofanana na klachi, na kuna za meno ya gia kama Torsen.

Zilitokana na mashindano. Miaka ya 1930, gari za mbio za Auto Union alizozibuni Ferdinand Porsche zilikuwa na nguvu hadi tairi moja la nyuma likawa linazunguka bure hata kwenye mwendo mkali. Mwaka 1935 Porsche aliipa kampuni ya ZF ya Ujerumani kazi ya kutafuta dawa.

Basi zote ziwe nayo?

Kwa gari yenye nguvu kubwa inayovutwa na matairi mawili tu, ndiyo. Ukikanyaga mafuta ukitoka kwenye kona, tairi la ndani hupungukiwa uzito na kuteleza. LSD inasaidia nguvu hiyo isipotee.

Wapo waliopita njia nyingine. McLaren MP4-12C ya mwaka 2011 ilikuwa na difu ya kawaida. Kompyuta ndiyo iliyokuwa inakamata breki ya tairi linaloteleza ili nguvu ihamie upande wa pili.

Pia LSD ina hatari yake. Kwenye lami yenye maji, ukizidisha mafuta, matairi yote mawili ya nyuma yanaweza kuteleza kwa pamoja na mkia wa gari ukachomoka. Na usiichanganye na difu loki ya Land Cruiser: tairi moja likining'inia hewani juu ya jiwe, Torsen haitakusaidia sana.

Kabla hujalipa

Jina la gari halitoshi. Subaru Impreza WRX STI ina LSD nyuma, Impreza ya kawaida ya cc 1500 haina. Toyota Altezza nazo zinatofautiana kwa toleo. Na kwa kuwa nyingi zinaingia nchini zikiwa zimeshatumika Japan, huenda difu ilishabadilishwa.

Kwa gari inayovutwa na matairi ya nyuma, mwambie fundi aweke mawe kwenye matairi ya mbele, anyanyue yote mawili ya nyuma na kuweka stendi, gia iwe nyutro na handibreki iachiwe. Zungusha tairi moja kwa mkono. La pili likifuata upande uleule, kuna LSD. Likienda kinyume, ni difu ya kawaida au Torsen, hivyo hakikisha kwa namba ya difu.

Ukishanunua, LSD ya pleti inataka oili yake iliyoandikwa LSD. Ukiweka ya kawaida, itaanza kugonga kwenye kona na pleti zitaisha mapema. Matairi ya nyuma nayo yawe saizi moja na yawe yamelika sawa.

Kama pesa inatosha kitu kimoja tu na matairi yako ni vipara, anza na matairi.