Washauri na Kitanda cha Wenyewe

Mwaka 1982 Tom Peters na Robert Waterman walitoa kitabu kilichotokana na utafiti walioufanya wakiwa washauri wa McKinsey, kampuni ya Marekani. Walichunguza makampuni 43 yaliyofanikiwa, wakapata kanuni nane. Kitabu kikauzwa kama njugu. Mwaka 1984 jarida la Business Week likaonyesha kuwa baadhi ya makampuni hayo yako taabani.

Tatizo ni nini? Walitazama waliofaulu tu. Huenda walioanguka nao walizifuata kanuni hizo hizo.

McKinsey si wageni kwetu Tanzania. Serikali iliwatumia kupanga Madaraka Mikoani, mfumo ulioanza mwaka 1972. Halmashauri zikafutwa, maofisa wakapelekwa mikoani kupanga maendeleo. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alisema kama angeanza upya, asingezifuta.

Kampuni ikikosea, hasara ni ya wenye hisa. Serikali ikikosea, wananchi wa wilayani hukaa miaka kumi na zaidi bila diwani wa kumlalamikia.

Washauri tuwasikilize, lakini kwanza tuwaulize: walioshindwa mliwahoji? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.